Plagi Iliyobaki Ukutani

Usiku ule nililala bila kula, na si kwamba chakula hakikuwapo. Ugali ulikuwa umefunikwa mezani, mboga ya maboga imeungwa kwa karanga, lakini koo lilikuwa limejaa hasira, ugali ungepitia wapi. Nilivuta blanketi mpaka masikioni, maana huku kwetu Mafinga mwezi wa saba baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Nikageukia ukutani, nikawa namsema mwanangu Tumaini kimoyomoyo, mpaka usingizi ukanichukua maneno yangu yakiwa bado nusu.

Niseme kwanza hasira ilitoka wapi.

Tumaini ni binti yangu wa mwisho, na ndiye fundi seremala. Karakana ni ya baba yake, marehemu mume wangu, Fundi Yoramu, nayo iko ng'ambo ya uwanja wangu tu. Baba yake alipofariki kwa presha, watu walidhani mashine zitauzwa. Tumaini akafunga kitambaa kichwani, akavaa ovaroli ya baba yake, akaendelea na mlango ambao mzee aliuacha haujaisha. Sasa milango yake ya mbao ngumu za mkongo inatafutwa mpaka Makambako. Mikono ile ndiyo inayonilisha mimi na watoto wake. Sina mingine ya kutegemea.

Kuna mashine moja wanaiita ruta. Ni ya umeme, unaishika kwa mikono miwili kama unavyoshika sufuria kwa masikio yake, na chini yake kuna kisu kinachozunguka kwa kasi mpaka jicho halikioni. Ndiyo inayochimba maua kwenye milango na kuviringisha kingo za mbao. Mashine ile ina swichi ya kubana kwa kidole. Ukiachia, inazima. Walioitengeneza waliiweka hivyo kwa akili zao. Lakini mume wangu alichoka kubana, akakata kipande cha tyubu ya baiskeli, akaifunga ile swichi ikae imebanwa moja kwa moja. Tangu siku hiyo ruta ya kwetu inawashwa na kuzimwa kule ukutani, kwenye soketi.

Na umeme wetu mnaujua. Unakatika kisu kikiwa katikati ya ua. Ukishakatika, hakuna anayekumbuka kuzima ukutani, kwa sababu mashine imenyamaza yenyewe. Wanasema, aa, umeme umekatika, ngoja tubadilishe kisu. Wanachukua spana mbili, wanaingiza vidole palepale kwenye mdomo wa mashine, na plagi iko ukutani, na swichi imefungwa kwa mpira. Wanabadilisha kisu huku wanapiga soga, kana kwamba umeme utapiga hodi kabla ya kuingia.

Hivyo ndivyo Fundi Yoramu alivyopoteza vidole viwili vya mkono wa kulia. Umeme ulirudi, haukupiga hodi. Mimi ndiye niliyemfunga mkono kwa kanga yangu ya ndani, na kanga ile sikuivaa tena. Alipotoka hospitali nikajua sasa ule mpira utakatwa. Haukukatwa. Badala yake akatunga utani. Akawa anawaonyesha wateja mkono wake na kusema, fundi mwenye vidole kumi bado mwanafunzi. Watu wakacheka, na utani ule ukawa ndiyo sheria ya karakana. Baada yake akaja Gaitani, mtoto wa Mama Sikujua, kidole gumba. Akaja Sefu, mume wa Mwajuma. Yeye kisu alikichomeka nusu tu kwenye mdomo wa mashine, kikachomoka kikizunguka, na miwani ya kazi alikuwa ameipandisha juu ya kofia. Leo Sefu anaona kwa jicho moja. Majina yao ninayo yote, na mama zao nawajua. Na kila mmoja alipoumia, aliyesimama jirani alimwambia, haya, umehitimu.

Basi jioni ile nilipeleka chai karakana. Nikamkuta Tumaini ameinamia ruta, umeme umekatika, spana iko mkononi. Nikamwambia chomoa plagi.

"Mama, umeme haupo."

"Haupo sasa hivi."

"Ukirudi taa itawaka, nitaona."

"Utaona nini, na vidole vimeshakwenda?"

Batisti, fundi mwenzake, ambaye naye alifundishwa na mume wangu, alikuwa amekaa juu ya rundo la mbao, kikombe nilichommiminia kiko mdomoni. Akasema, "Mwache, Mama Tumaini. Huyu ana vidole kumi, hata leseni bado hajapewa."

Akacheka. Na Tumaini akacheka. Hapo ndipo nilipochomwa moyo. Binti yangu alicheka kicheko cha baba yake, kilekile cha kutikisa bega moja. Nikaliacha birika lao pale chini, nikavuka uwanja, nikaingia ndani, nikafunga mlango kwa komeo kama ninayeogopa wezi.

Ndiyo hasira niliyolala nayo.

Usingizini nilisikia mtu anapiga msasa. Taratibu. Shaa, kimya, shaa. Nilijua ni nani kabla sijamwona, kwa sababu kila fundi ana namna yake ya kupiga msasa, na yule alikuwa anavuta mara moja ndefu kisha anapuliza vumbi. Nilifumbua macho, au niliota nimeyafumbua. Fundi Yoramu alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, upande wake uleule, amenipa mgongo, anapiga msasa ubao wa kitanda chetu. Amevaa koti la kijivu tulilomzika nalo. Mabegani limejaa vumbi la mbao.

Nikamwambia, "Baba Tumaini, utaamsha watoto."

Alivuta msasa, akapuliza vumbi. Kisha anageuka, na ninaona uso wake umekunjamana kwa hasira. Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumwona hivi. Yule alikuwa mtu wa kugeuza kila kitu mzaha, hata njaa, hata msiba. Sasa mzaha haumo. Ananyoosha mikono yake mbele yangu, nami naitazama, na vidole vyote vimo. Vile viwili vimerudi. Ni vyeupe kidogo kuliko vingine, kama ngozi iliyokaa muda mrefu chini ya bandeji. Furaha inanipanda. Nanyoosha mkono wangu nivishike.

"Usifurahi," anasema.

Na hatuko tena chumbani. Tuko njia ya makaburini, siku ileile ya kumzika. Ukungu umeshuka mpaka kwenye viatu vya watu. Wanaume wamebeba jeneza, nasikia pumzi zao, na yeye anatembea pembeni yangu akilikagua jeneza lake kama fundi anavyokagua kazi ya mwenzake. Jeneza lile alilitengeneza Tumaini, yeye na Batisti, kwa siku moja na machozi. Mume wangu anapitisha kidole juu ya maua ya mfuniko. Maua ni mazuri. Anatikisa kichwa kukubali. Halafu kidole kinasimama karibu na msalaba, mahali ambapo kisu kiliruka na kuchana mbao. Ni pengo refu, bichi, linaonekana wazi. Siku ya mazishi sikuliona.

"Alisukuma kuelekea kisu kinakokimbilia," anasema. "Kikamkimbia."

Nilimwelewa. Nimekula na mafundi, nimesikia wakifundishana. Ruta inasukumwa kupingana na mzunguko wa kisu, ndipo inapotulia mkononi. Ukienda nacho njia moja, inakuponyoka kama mbuzi aliyeona shamba. Lakini mume wangu hakuwa anasikitikia mbao. Ananionyesha kando ya pengo. Kwenye vumbi la mfuniko kuna alama ya kiganja, kiganja cha Tumaini, nakijua kwa ule upana wake. Mbao hakuibana kwa jiliwa. Aliishikilia kwa mkono mmoja na mashine kwa mkono mwingine, na kati ya kiganja na pengo haipiti hata njiti ya kiberiti.

Nikasimama katikati ya njia. Wenye jeneza wakatupita bila kutuona. Ile hasira niliyolala nayo ikanyanyuka yote, ila sasa ilimgeukia yeye.

"Nani alimfundisha?" nikamwuliza. "Nani alifunga ule mpira? Nani aliwafundisha watoto wa watu kucheka damu? Na leo unanijia mimi umekunja uso, mimi niliyekuwa nafua mashuka yako."

Fundi Yoramu akainamisha kichwa. Ukungu ukawa unampita kifuani.

"Ndiyo maana nimekuja," akasema.

Niliponyanyua mguu kumfuata, mguu ukakanyaga maranda. Tuko karakana. Ni mchana, jua linaingia kwa matundu ya bati na kuanguka sakafuni vipande vipande. Umeme umekatika, maana kimya kimelala kila mahali, mpaka randa ya jirani haisikiki. Tumaini ameinamia ruta. Ameigeuza kichwa chini mezani, spana mbili ziko mkononi, na mikono ya ovaroli ya baba yake, mirefu kwake, imefunguka vifungo na inaning'inia palepale juu ya kisu. Vumbi limempaka kope mpaka amekuwa kama bibi kizee. Hana miwani. Hana kitambaa puani. Anaimba kwa kuguna.

"Tumaini," baba yake anamwita.

Haitiki. Anamwita tena, kwa nguvu, sauti ile aliyokuwa akiitumia kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde. Mimi inanitetemesha kifua. Tumaini anaendelea kuguna wimbo wake. Naangalia masikio yake, na kutoka ndani yake vumbi la mbao linamwagika taratibu juu ya mabega, kama unga unaovuja gunia. Miaka ya kelele imo humo, wala hakuyaziba siku hata moja.

Mume wangu anaacha kuita. Anakwenda ukutani. Anashika plagi kwa vidole vyake vyote, anavuta. Vidole vinafumba, vinafumbua, plagi iko palepale. Anashika tena. Anaweka mguu ukutani kama mtu anayeng'oa msumari kwenye gogo, anavuta kwa mikono miwili, mishipa ya shingo inamsimama, na plagi haitikisiki hata kidogo. Ni kama kuvuta moshi. Niliona mtu mzima akihangaika na kitu ambacho mtoto wa chekechea angekichomoa kwa mkono mmoja, na sikumwonea huruma. Nataka niseme kweli hapa. Nilimwangalia nikasema moyoni, vuta, ulikuwa wapi ulipokuwa na nguvu.

Akanigeukia. Uso umelowa.

"Walinirudishia vyote," anasema. "Havishiki."

Hapo ndipo ninapokimbia mimi. Nasema nakimbia, lakini maranda yamenifika magotini, kila ninaponyanyua mguu mmoja mwingine unazama, kama kutembea ndani ya ghala la mahindi. Tumaini ameshaingiza vidole kwenye mdomo wa mashine. Spana inateleza, anaishika upya. Juu ya kichwa chake kuna taa, na uzi wa taa unaanza kuwa mwekundu, polepole, kama kaa linalopulizwa. Kwa mbali, kwenye nyumba za jirani, nasikia watoto wanaanza kushangilia vile wanavyoshangilia umeme ukirudi. Nafungua kinywa nimwite mwanangu, na sauti inayotoka ni ya msasa. Shaa.

Mume wangu yuko sikioni kwangu. Hapigi kelele tena. Anaongea kama alivyokuwa akiongea tukiwa wawili tu.

"Mwambie plagi kwanza, kisu baadaye. Hata kama umeme haupo. Hasa kama umeme haupo. Na ule utani wangu, mje mnizike nao."

Taa ikawa nyeupe.

Niliamka nimekaa kitako, mkono umenyooka kuelekea ukutani, blanketi liko chini. Dirishani kulikuwa kumekucha, ukungu mtupu. Sikusali, sikunawa uso. Niliingiza miguu kwenye raba, nikajifunga kanga juu ya gauni la kulalia, nikavuka uwanja hivyohivyo.

Karakana ilikuwa wazi. Umeme haukuwa umerudi tangu jioni, na Tumaini alikuwa ameanza mapema ili ukirudi umkute tayari. Mashine iko mezani kichwa chini, spana mkononi, plagi ukutani. Batisti anapanga mbao za mkongo.

"Shikamoo, Mama," akasema Batisti. "Leo chai imekuja bila birika?"

Sikumwitikia. "Tumaini, weka spana chini."

"Mama, tumeanza tena?"

"Baba yako alikuja."

Akaiweka chini. Batisti akauegemeza ubao ukutani, akavua kofia. Kwetu mtu akisema neno hilo asubuhi, hajanawa uso, hakuna anayemkatiza mpaka amalize, maana ndoto ya marehemu ikishanawiwa inapoteza njia. Nikawasimulia palepale nimesimama. Vidole. Plagi. Vile alivyovuta. Nilipofika kwenye jeneza na lile pengo karibu na msalaba, Tumaini akakitazama kiganja chake, akakigeuza, akakitazama upande wa pili.

"Nililiziba kwa gundi na vumbi la mbao," akasema. "Nikalipaka vanishi mara mbili. Hakuna aliyeliona."

"Mimi niliona," Batisti akasema chini chini. "Nilikuwa upande wa pili wa meza. Nikakwambia umeponea chupuchupu, tukacheka."

Nikamalizia ujumbe kama nilivyopewa, neno kwa neno, mpaka pale pa kuzika utani. Batisti akawa anaisokota kofia yake.

Tumaini akauliza, "Alikuwa na hasira na mimi?"

"Na yeye mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nina hasira na ninyi wote watatu. Nenda kachomoe."

Ukuta ulikuwa karibu na bega langu. Ningeweza kuichomoa mwenyewe, na mkono uliniwasha kufanya hivyo. Sikuigusa. Mimi nimezeeka, sitasimama kwenye ukuta ule kila umeme unapokatika. Nilitaka nione mkono wake ukifanya.

Tumaini akazunguka meza, akachomoa. Akauvuta waya wote mpaka kwake, akaiweka plagi mezani kando ya mashine, mahali ambapo macho yake yanaiona. Akakunja mikono ya ovaroli mpaka viwikoni. Ndipo akashika spana. Kisu akakisukuma mpaka kikagota, akakirudisha nyuma kidogo sana, akakaza kwa spana mbili, moja inashika, moja inazungusha. Akakijaribu kwa kukivuta. Hakikutikisika.

Halafu akamwambia Batisti, "Nipe kisu cha kukatia."

Ule mpira ulikuwa umekakamaa kwa miaka, umeshikamana na mashine kama ngozi yake. Alikata mara ya kwanza haukuachia. Alipokata mara ya pili, swichi ikaruka juu ikatoa mlio mdogo, tik, na hatukuwa tumewahi kuusikia tangu mashine ile iwe mpya. Batisti akaokota kile kipande cha tyubu sakafuni. Nilimwona anafungua mdomo, neno limeshafika kwenye meno. Akanitazama, akaufunga, akatoka nje kwenda kukitupa kwenye shimo la takataka.

Tumaini alibaki ameinamia mashine, anabonyeza swichi na kuachia, anabonyeza na kuachia.

"Mama," akasema bila kuinua uso, "akija tena, mwambie nimesikia."

"Akija kwako utamwambia mwenyewe," nikamjibu. "Mimi na yeye bado hatujamalizana."